George Wythe na shahidi aliyezuiwa kusema

Mwezi Septemba 1806, mjini Richmond katika jimbo la Virginia, kijana aitwaye George Wythe Sweeney alifikishwa mahakamani kwa shtaka la kumuua kwa sumu kaka wa bibi yake, mzee George Wythe. Mzee huyo hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa jaji, mmoja wa watu 56 waliotia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776, na mwalimu wa Rais aliyekuwa madarakani wakati huo, Thomas Jefferson. Mtu ambaye angeweza kuieleza mahakama mambo yalivyokwenda jikoni siku ya sumu alikuwa hai, mjini humo humo: Lydia Broadnax, mpishi na msimamizi wa nyumba, ambaye naye alidhuriwa na sumu ile ile akanusurika. Hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya Sweeney, kwa kuwa yeye alikuwa mweusi na mshtakiwa alikuwa mweupe. Sweeney akaachiwa.

Wasimulizi wengi wa maisha ya George Wythe huanza na sahihi yake kwenye Azimio la Uhuru, wakapita kwa wanafunzi wake mashuhuri, kisha mwishoni wakaongeza habari za sumu kama mkasa wa kusikitisha wa familia. Mimi naona wanakosea mahali. Kuachiwa kwa aliyeshtakiwa kumuua lilikuwa jambo la kisheria kabisa, tena la kisheria kwa namna ambayo Wythe mwenyewe alihusika nayo. Kanuni iliyomfunga mdomo Lydia ilikuwa imepita mikononi mwake, na mikono hiyo haikuiondoa.

Alizaliwa mwaka 1726 katika shamba la familia liitwalo Chesterville, karibu na pwani ya Virginia. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, na mama yake, Margaret Walker, ndiye aliyemwanzishia masomo. Kuhusu mama huyu kuna jambo moja ambalo watu hulipita haraka mno. Babu yake Margaret alikuwa George Keith, mhubiri wa Quaker, dhehebu la Kikristo, aliyetoa mwaka 1693 waraka wa kuwaonya waumini wenzake dhidi ya kununua na kumiliki watu weusi. Nalitaja kwa sababu kila tunapowajadili watu wa kizazi kile, mtu husema kwamba walikuwa watu wa zama zao na hawakujua zaidi. Katika ukoo wa Wythe hoja kwamba utumwa ni dhambi ilikuwa imeandikwa na kuchapwa miaka 33 kabla hajazaliwa. Zama zake zilijua. Waliochagua kutosikia walichagua wenyewe.

Alipata ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili mwaka 1746, akiwa na miaka 20. Mke wake wa kwanza, Ann Lewis, alifariki baada ya miezi michache ya ndoa. Baadaye alimwoa Elizabeth Taliaferro, ambaye baba yake aliwajengea nyumba ya matofali mjini Williamsburg, nayo imesimama hadi leo. Wythe aliingia katika Bunge la koloni, akawa pia karani wake, na mwaka 1764 aliandika rasimu ya malalamiko kwa Bunge la Uingereza kuhusu ushuru wa stempu, yaani kodi ya hati na karatasi zilizochapwa. Rasimu ilikuwa kali hata wenzake wakailainisha kabla ya kuituma.

Mwaka 1762 alimpokea kijana wa miaka 19, mrefu, mwenye kiu ya vitabu, aje kusoma sheria chini yake. Kijana huyo alikuwa Jefferson. Kwa desturi ya wakati ule, kusoma sheria kulikuwa ni kukaa katika ofisi ya wakili, kunakili hati, na kuokota maarifa yatakayodondoka. Wythe hakufundisha hivyo. Alimsomesha Jefferson kwa takriban miaka mitano, sheria pamoja na historia, falsafa na waandishi wa Kigiriki na Kirumi, na walikaa meza moja ya chakula na Gavana Francis Fauquier na Profesa William Small wakizungumza kama watu wa rika moja. Uzeeni Jefferson aliandika kwamba Wythe alikuwa mlezi wake wa ujanani na rafiki yake wa maisha yote.

Kesi ambayo kwangu ni ya kumtafakari sana Wythe ilisikilizwa mwaka 1770. Kijana aitwaye Samuel Howell, kitukuu cha mwanamke mweupe na mwanamume mweusi, alikuwa amefungwa na sheria ya koloni kumtumikia bwana mpaka afikishe miaka 31. Aliomba mahakama imwachie huru. Jefferson alimtetea bila malipo, akasimama mbele ya majaji na kusema kwamba kwa sheria ya asili watu wote huzaliwa huru. Wakili wa upande wa pili, aliyemtetea bwana mwenye kumshikilia Howell, alikuwa George Wythe. Hata hakuhitaji kujibu. Majaji walimkatiza Jefferson na kutoa uamuzi dhidi ya Howell.

Wakili huchukua kesi inayomjia, hilo naliheshimu. Lakini nataka msomaji ashike picha hiyo: mwanafunzi anadai uhuru, mwalimu yuko upande wa mwenye mali. Miaka 36 baadaye mwalimu atayasema yale yale aliyoyasema mwanafunzi, naye atayasema kutoka kwenye kiti cha jaji. Mtu huyu alibadilika, tena alibadilika akiwa mzee, wakati wengi wa tabaka lake, Jefferson akiwemo, walikuwa wanarudi nyuma.

Miaka ya mapinduzi nitaipita upesi kwa kuwa imeandikwa sana. Alikuwa mjumbe wa Virginia katika Kongresi ya makoloni huko Philadelphia, na kati ya sahihi saba za Virginia kwenye Azimio la Uhuru ya kwake ndiyo inayotangulia. Kisha akarudi nyumbani, na hapo ndipo ilipofanyika kazi ambayo naiona nzito kuliko sahihi ile.

Virginia ilikuwa imejitoa chini ya mfalme na ilihitaji kuzipitia upya sheria zake zote, za koloni na za Uingereza, iamue zipi zibaki na zipi zifutwe. Kazi hiyo ilikabidhiwa kamati ya watu watano. Waliobaki kuifanya hadi mwisho walikuwa watatu: Jefferson, Edmund Pendleton na Wythe. Mwaka 1779 walikabidhi miswada 126. Baadhi yake ni ya fahari kweli, kama ule wa uhuru wa dini. Lakini humo humo mlikuwa na muswada wa 51, unaohusu watumwa. Ulirudia kanuni iliyokuwako tangu enzi za ukoloni: watu weusi na machotara hawawezi kuwa mashahidi isipokuwa katika kesi za jinai zinazowakabili weusi au machotara wenzao, au katika kesi za madai ambazo pande zote ni weusi au machotara. Bunge liliupitisha mwaka 1785.

Wanahistoria huuhesabu muswada huo kuwa kazi ya kalamu ya Jefferson. Sawa. Lakini ripoti ilikuwa ya wote watatu, na Wythe hakuwa mtu wa kutia jina mahali asipopasoma. Alikuwa mjuzi wa sheria kuliko wote Virginia, na alijua vizuri ushahidi ni nini katika kesi. Kwamba wanasheria watatu wa daraja hilo, walio huru kufuta chochote, waliikuta kanuni hiyo na kuiacha ipite, ni jambo ambalo siwezi kulisoma haraka haraka. Ilikuwa fursa adimu ya kuanza upya, na waliipoteza pale ambapo ingewagusa wanyonge kabisa.

Mwaka huo huo wa 1779 Chuo cha William and Mary kilianzisha nafasi ya profesa wa sheria, ya kwanza Marekani, na Wythe akapewa. Kama mwalimu naye nampenda bila masharti. Aliwafanya vijana waendeshe mahakama za mfano na mabunge ya mfano katika jengo lililoachwa na Bunge baada ya makao makuu kuhamia Richmond. Walisimama, wakatoa hoja, wakapingwa, wakarekebishwa. John Marshall, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Marekani, alipita hapo mwaka 1780. Henry Clay, aliyekuja kuwa mwanasiasa mashuhuri, hakuwa mwanafunzi wa chuo, ila akiwa kijana mdogo huko Richmond alikuwa mwandishi wa Wythe, kwa kuwa mkono wa jaji ulikuwa umedhoofika na maradhi. Alinakili nukuu za Kigiriki herufi kwa herufi bila kuelewa hata neno moja, na ndani ya kazi hiyo alianza kujifunza uanasheria. Mwanasheria wa Afrika Mashariki anayesoma habari za mahakama kubatilisha sheria iliyotungwa na bunge hukutana na jina la Marshall na kesi ya Marbury ya mwaka 1803. Ni wachache wanaoambiwa kwamba mwaka 1782, miaka 21 kabla, mwalimu wake Marshall alikwishasema akiwa jaji, katika kesi ya Caton, kwamba bunge zima likivuka mpaka wake, yeye ataionyesha Katiba kwa kidole na kuliambia: mamlaka yenu yanaishia hapa.

Alikuwako Philadelphia mwaka 1787 Katiba ya Marekani ilipoanza kuandikwa, akaongoza kamati ya kanuni za mkutano, lakini mapema Juni aliondoka kwenda kumuuguza mke wake. Elizabeth alifariki mwezi Agosti. Hawakuwa na mtoto aliye hai. Mwaka huo Wythe aliwapa uhuru baadhi ya watu aliokuwa akiwamiliki, Lydia Broadnax akiwamo. Wengine, ambao walitokana na upande wa mkewe, aliwarudisha kwa ndugu za marehemu mkewe, wakabaki watumwa. Wanaomsifu husahau nusu ya pili ya habari hii, na mimi sitaisahau. Lydia aliamua kubaki naye kama mtu huru anayelipwa, akahamia naye Richmond mwaka 1791.

Huko Richmond, akiwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kansela, iliyoshughulikia wosia, amana na mirathi, ndipo Wythe wa mwisho alipojitokeza. Mzee John Pleasants, muumini wa Quaker, alikuwa ameandika wosia kwamba watumwa wake waachwe huru wakifikia miaka 30 pindi sheria itakaporuhusu. Sheria iliruhusu mwaka 1782, baadhi ya warithi wakagoma, na kesi iliyogusa maisha ya zaidi ya watu 400 ikafika kwake. Wythe aliamua kwamba watu hao ni huru, kisha akaenda mbele: warithi watoe hesabu ya faida waliyoipata kwa jasho la watu waliostahili kuwa huru. Mahakama ya Rufani mwaka 1799 ilikubali uhuru, kwa masharti yake, na ikaifuta hesabu ya jasho. Hadi leo mabishano ya fidia kwa utumwa Marekani yanaendelea kana kwamba ni wazo jipya. Jaji wa Virginia aliliandika katika amri yake kabla karne ya 18 haijaisha.

Mwaka 1806 ikaja kesi ya Jackey Wright na wanawe, waliodai kwamba ukoo wao kwa upande wa mama ni wa Wahindi Wekundu na hivyo hawakupaswa kushikiliwa utumwani. Wythe angeweza kusimama kwenye nasaba yao tu na kuwaachia. Lakini aliongeza sababu nyingine. Alisema uhuru ni haki ya kuzaliwa nayo ya kila binadamu, akategemea ibara ya kwanza ya Tamko la Haki la Virginia, ile isemayo kwamba watu wote kwa asili ni huru, na akasema kwamba anayedai kummiliki mwenzake ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Fikiria maana yake. Kama sababu hiyo ingesimama, kila mtumwa wa Virginia angeweza kuingia mahakamani na kumtaka bwana wake athibitishe. Utumwa ungekuwa umekufa kwa hukumu ya jaji mmoja mwenye miaka 80.

Haikusimama. Wythe alikwisha kufa rufani iliposikilizwa mwezi Novemba. Aliyeandika maoni ya kwanza ya rufani alikuwa St. George Tucker, mwanafunzi wake na mrithi wake katika uprofesa, ambaye miaka kumi nyuma alikuwa amechapisha kitabu cha kupendekeza utumwa ukomeshwe polepole. Tucker aliiacha familia ya Wright iwe huru kwa sababu ya nasaba yao, lakini akaikana hoja ya mwalimu wake. Tamko la Haki, alieleza, liliandikwa kwa ajili ya raia huru, na halikukusudiwa kupindua haki za mali. Kwa Waafrika na kizazi chao, hoja ya Wythe haikuwa na nguvu. Wythe aliwafundisha wengi, na wengi wakawa wakubwa. Katika jambo hili moja sioni aliyemfuata hadi mwisho.

Turudi jikoni. Nyumbani kwa Wythe waliishi Lydia, kijana chotara aliye huru aitwaye Michael Brown, na Sweeney. Michael alikuwa akifundishwa na mzee mwenyewe Kigiriki na Kilatini. Wosia wa Wythe uliwaachia Lydia na Michael sehemu ya mali yake, na ukamwomba Jefferson asimamie malezi na masomo ya kijana. Sweeney naye alikuwa mrithi, tena fungu la Michael lingemwangukia kama Michael angefariki mapema. Pia alikuwa ameghushi jina la mzee kwenye hundi za benki.

Jumapili ya tarehe 25 Mei 1806 watu watatu katika nyumba hiyo waliugua ghafla baada ya chakula cha asubuhi. Lydia alieleza kwamba Sweeney aliingia jikoni, akashika buli la kahawa, na alimwona akitupa karatasi motoni. Michael alifariki tarehe 1 Juni. Mzee, akiwa katika maumivu makali, aliishi muda wa kutosha kubadilisha wosia wake na kumtoa Sweeney kabisa. Alifariki tarehe 8 Juni. Watu wa Richmond walimzika kwa heshima kubwa katika uwanja wa kanisa la St. John's.

Sweeney alitetewa na mawakili wawili wa daraja la juu, Edmund Randolph, aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa kwanza wa Marekani, na William Wirt, ambaye baadaye alishika cheo hicho hicho. Siwalaumu. Mtu yeyote anastahili wakili, na Wythe mwenyewe asingebisha. Madaktari waliupasua mwili wakakuta dalili ambazo hawakuweza kuapa kwamba ni za sumu ya aseniki. Kipimo cha kuaminika cha kuitambua sumu hiyo, cha James Marsh, kilikuja mwaka 1836. Kwa hiyo daktari hakuwa na uhakika, na mtu aliyekuwa jikoni amefungwa mdomo na sheria. Sidai kwamba neno la Lydia peke yake lingemtia Sweeney hatiani. Labda juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, ingelisikia na kulikataa. Ninachodai ni kwamba juri ilinyimwa nafasi ya kulipima, na kesi isiyomsikiliza mtu aliyekuwapo haistahili jina la kesi. Shtaka la kumuua Michael liliondolewa bila kusikilizwa. Hatia ya kughushi nayo ilifutwa baadaye, kwa hoja kwamba sheria iliyotumika haikugusa kosa la namna hiyo dhidi ya benki. Sweeney aliondoka Virginia akiwa mtu huru.

Kijana aliyekulia Virginia asingeweza kutojua kanuni ile. Kila mweupe aliijua, hata asiyesoma. Ilikuwa na maana kwamba ndani ya nyumba yenye watumishi weusi mtu mweupe angeweza kutenda jambo mbele ya macho ya watu na bado, machoni pa mahakama, awe ametenda pasipo mtu. Waliodhaniwa kulindwa na kanuni hiyo ni watu weupe. Lakini mzee aliyelala kaburini St. John's alikuwa mweupe, tajiri, jaji, na kanuni ile haikumlinda yeye. Ilimlinda aliyeshtakiwa kumuua.

Ndiyo maana natamani somo la Wythe lifundishwe hivi. Mbele ya shule ya sheria ya William and Mary leo zimesimama sanamu za Wythe na Marshall. Ni haki yao. Ila mwanafunzi anayefundishwa kesi ya Caton, ukuu wa Katiba na ujasiri wa jaji mbele ya bunge, afundishwe pia muswada wa 51 na kesi ya Sweeney, na alijue jina la Lydia Broadnax sawasawa na anavyolijua la Marshall. Maneno makubwa ya mwaka 1776 yalikuwa na thamani pale tu ambapo mtu aliruhusiwa kusimama na kusema, "Mimi nilikuwapo, nimeona."

Lydia aliishi, lakini afya yake haikurudi. Mwaka 1807 alimwandikia barua Rais Jefferson kumwomba msaada, akieleza kwamba macho yake karibu yote yamepotea, na kwamba inadhaniwa sababu ni yale maradhi ya kutisha yaliyoikumba nyumba nzima wakati wa kifo cha mzee wake. Jefferson alimpelekea dola 50. Bila shaka alifanya hivyo kwa moyo mwema. Lakini mtu aliyeuliza kwa barua habari za msaada alikuwa na jambo kubwa zaidi la kueleza, na miswada ya Jefferson, Pendleton na Wythe ndiyo iliyomfungia mlango mwaka mmoja kabla.

Virginia iliishi na kanuni hiyo hadi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kongresi ilipopitisha Sheria ya Haki za Kiraia tarehe 9 Aprili 1866, ikiishinda kura ya turufu ya Rais Andrew Johnson, iliitaja wazi haki ya kutoa ushahidi, ikaiweka pamoja na haki ya kufanya mikataba, ya kushtaki na ya kumiliki mali. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na habari kutoka majimbo ya Kusini za watu weusi waliokuwa wakipigwa na kuuawa na watu weupe, huku walioona wakiwa ni weusi wenzao ambao mahakama za huko hazikutaka kuwasikia. Ilikuwa imepita miaka 60 tangu Sweeney aachiwe.